Namba Kumi na Saba

Aminieli aliiweka mezani kwangu,
katikati ya saa zilizopasuliwa matumbo,
kwa vidole viwili, kama anayeshika kifaranga.
Kadi ya bigijii. Namba tisa. Beki mwenye masharubu
na soksi zilizoshuka, mwaka nilipokuwa darasa la tatu.
"Ya zamani hii," akasema. "Ya marehemu babu."
Halafu akanyamaza, ili nishtuke.

Ya zamani! Hata mawe ya mto Karanga ni ya zamani,
na watu wanafulia juu yake.
Kiwanda kilizitapika hizi kwa magunia.
Namba tisa tuliipata mpaka ikatukinai:
tuliegemezea mguu wa meza,
tuliibana kwenye spoksi ilie trrrrr
tukiteremka barabara ya Kibosho bila breki.
Nikitingisha madebe ya Kiusa leo
beki huyu ataanguka mara saba kabla ya adhuhuri.

Shangazi yake Ndeshukurwa, kwa nia njema,
aliipeleka stesheneri ikapigwa nailoni ya moto
"isije ikaharibika."
Iliharibikia palepale, shangazi.
Sasa beki anatutazama kama samaki ndani ya barafu.
Na kingo zake, zilikuwa zimechakaa, wakazinyoosha kwa mkasi.
Niliilaza juu ya namba tisa yangu:
imepungua unene wa ukucha kila upande.

Nyuma, sahihi. Kalamu ya bluu, mkia mrefu.
Beki yule, nikasema polepole, hakujua kuandika.
Baba yangu alikuwa karani wa reli;
kila mwisho wa mwezi alimsogezea kidau cha wino
atie dole gumba.

Akayamwaga yote aliyoyasikia:
kwamba jina lililokosewa herufi ni dhahabu
(waliyakosea yote, mpiga chapa alikuwa na haraka);
kwamba Wazungu wakishuka mlimani, magoti yakiwauma,
hununua chochote kwa dola;
kwamba jamaa mmoja wa Arusha, jina halijulikani,
aliuza moja, akanunua Fuso.
Huyo jamaa namfahamu. Miaka arobaini anauza,
kila mara kadi nyingine,
na gari linazidi kuwa kubwa.

"Kwa hiyo shilingi ngapi?"
Nikamwambia. Chai na vitumbua viwili hapa kwa Mama Tumsifu;
kule stendi, chai peke yake.
Alikuwa amekwisha kupima kiwanja Himo, moyoni,
na msingi amechimba.
Niliyaona matofali yakishuka usoni mwake, moja moja.
Hakunitukana. Aliuliza tu:
"Wewe, basi, unazikusanya za nini?"

Nikavuta droo.
Ishirini na tatu, kila moja na bahasha yake.
Seti ni ishirini na nne. Imebaki kumi na saba.
Tuliambiwa atakayeipata
kiwanda kitampa baiskeli, mpya, yenye kengele.
Tulitafuna mpaka taya zikafa ganzi;
dada yangu Eliaichi alimeza tatu kwa mpigo, akalazwa.
Moshi nzima, hakuna aliyeishika mkononi.

"Na kama hawakuichapa?" akasema Aminieli.
"Kama waliiacha makusudi, mzidi kununua?"

Saa za ukutani ziliendelea, kila moja na dakika yake.
Nilitaka kumpa habari za mtu wa Same
aliyeiona kwa macho yake mawili, mwaka wa mafuriko:
kipa, jezi ya kijani, yuko hewani,
mpira haujamfikia.
Nikaisikia sauti yangu inavyopanda,
inavyofanana na ya jamaa wa Fuso.
Nikafunga mdomo. Nikafunga na droo.

Alimchukua beki wake, akamtia mfuko wa shati,
akatoka na mvua.

Kesho ni gulio Kiboriloni.
Kuna mama ana kopo la mumewe,
kifuniko kimeshika kutu, hajawahi kukibandua.
Nitawahi, kabla ya watu kujaa.
Kuangalia tu.